Mabomba ya PVC ya majitaka ndani ya nyumba: lipi la kununua na lifungwe vipi

Ukiomba bomba la choo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, utatolewa lile la plastiki la kijivu la inchi 4, kwa kawaida la urefu wa mita 6. Limetengenezwa kwa PVC ngumu, isiyotiwa vilainishi, ndiyo maana ubavuni huandikwa uPVC au PVC-U. Tathmini hii ni ya bomba hilo na wadogo zake wa inchi 2 na inchi moja na nusu, kwa kazi moja: kuyatoa maji ya choo, bafu, beseni na sinki ndani ya jengo hadi kwenye chemba ya kwanza nje.

Kwa nyumba ya kuishi, tunalipendekeza bila kusita, ila kwa sharti mbili. Unene wa ukuta wake uwe milimita 3.2 kwa bomba la inchi 4, na wakati wa kufunga liachiwe nafasi ya kutanuka. Nyumba nyingi zenye madoa ya unyevu kwenye dari ya ghorofa ya chini zimekosa moja ya hayo mawili.

Sifa zake ni za kweli. Mita moja ya bomba hilo la inchi 4, yaani la kipenyo cha nje cha milimita 110, lenye ukuta wa 3.2 ina uzito wa kilo moja na nusu hivi, wakati la chuma cha kalibu la ukubwa huohuo hupita kilo 8, kwa hiyo mtu mmoja anapanda nalo ngazi begani. Halipati kutu, na kwa nyumba za Tanga, Bagamoyo, Lamu au Unguja, ambako hewa ya chumvi hula chuma hata kilichopakwa rangi, hiyo peke yake ni sababu ya kulichagua. Ndani ni laini, uchafu haupati pa kushika. Linakatwa kwa msumeno wa chuma wa kawaida. Asidi na magadi ya majumbani hayalidhuru. Petroli na thina hulilainisha, kwa hiyo fundi rangi asisafishie brashi zake kwenye sinki.

Sasa dukani, ambako ndiko nyumba nyingi huharibikia.

Mabomba mawili yanayofanana kabisa kwa rangi yanaweza kuwa na kuta tofauti. Viwango vya PVC ya ndani ya jengo, ISO 3633 cha kimataifa na EN 1329 cha Ulaya, vinataka milimita 3.2 kwa bomba la 110 linalobeba majitaka. Lipo pia la milimita 2.2, ambalo ISO 3633 inalikubali kwa hewa na maji ya mvua tu. Hilo jepesi ndilo linalouzwa kwa bei ya kuvutia na kuishia kwenye choo. Likibanwa na udongo au zege hupoteza umbo la duara, na ukiliunganisha kwa gundi kuna plastiki ndogo ya kushikana.

Pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) kwenye ncha, sehemu tatu tofauti, maana bomba baya huwa nene upande mmoja na jembamba upande wa pili. Kama huna kalipa, tumia mizani ya dukani. Bomba la mita 6 la 110 lenye ukuta wa 3.2 lina uzito wa kilo 9 na kidogo. La ukuta wa 2.2 halifiki kilo 7. La milimita 50 lenye ukuta wa milimita 3 lina karibu kilo 4 kwa mita 6. Mizani peke yake haitoshi, kwa sababu kuna watengenezaji wanaojaza chokaa nyingi kwenye plastiki. Chokaa ni nzito na ni rahisi, hivyo bomba linaonekana zito na zuri huku likiwa na moyo wa chaki. Hilo hujulikana kwa kukata: PVC nzuri hutoa nyuzi zinazojikunja, yenye chokaa nyingi hutoa unga. Kata pete ya sentimita 5, ilaze chini kwa ubavu, ikanyage kwa kisigino. Nzuri hubonyea kwanza. Mbaya hupasuka kama sahani.

Soma pia maandishi ya ubavuni. Bomba la kweli limechapwa jina la mtengenezaji, kipenyo, unene, namba ya kiwango na kundi la uzalishaji kila baada ya umbali mfupi. Kwenye mabomba ya viwango vya Ulaya kuna herufi za mahali pa kutumika: B ni ndani ya jengo, BD ni ndani ya jengo pamoja na kufukiwa chini ya sakafu yake. Tanzania tafuta alama ya shirika la viwango, TBS, na Kenya ya KEBS. Bomba lisilo na neno lolote liache hapohapo.

Halafu kuna suala la inchi, ambalo huwatesa hata mafundi wazoefu. "Inchi 4" dukani inaweza kuwa bomba la kipenyo cha nje cha milimita 110, au bomba la presha la mfumo wa inchi lenye milimita 114. Hilo la 114 haliingii kwenye soketi (mdomo mpana unaopokea bomba) ya 110, na fundi asiye na subira hulipasha moto hadi lilainike kisha akalilazimisha. Maungio ya namna hiyo hayana siku nyingi. Kwenye ukubwa mdogo ni vurugu zaidi: "inchi 2" inaweza kuwa milimita 50, 56 au 60, na "inchi moja na nusu" inaweza kuwa 40, 43 au 48. Nunua mabomba na viungo vyake vyote, yaani kona, tii, wai (yenye umbo la Y), soketi na redusa (ya kupunguza ukubwa), kutoka mfumo mmoja na ikiwezekana kiwanda kimoja, na uvijaribu vikiwa vikavu palepale kaunta. Kiungo kizuri kinaingia theluthi moja hadi theluthi mbili ya soketi kwa mkono, kisha kinakaza. Kikiingia hadi mwisho na kucheza, gundi haitaziba pengo hilo.

Angalia yalivyotunzwa. Mabomba yaliyosimamishwa ukutani juani kwa miezi hupinda kama ndizi, na bomba lililopinda haliwezi kushika mteremko hata ufunge klipu ngapi. Jua pia huichosha plastiki yenyewe. Ukiona upande mmoja umepauka na ukisugua unabaki na vumbi jeupe kidoleni, chukua lililo ndani ya ghala. Kwa sababu hiyohiyo bomba la hewa linalopanda nje ya ukuta lipakwe rangi ya maji, nyepesi kwa mwonekano. Rangi ya mafuta yenye thina kali isitumike.

Udhaifu mkubwa wa bidhaa hii ni joto. PVC inafaa kwa majitaka ya hadi nyuzi 60 yanayopita mfululizo. Maji ya moto zaidi yakipita kwa muda mfupi, kama ya kumwaga sufuria moja, hayana tatizo, kwa kuwa yanachanganyika na hewa na kupoa njiani. Lakini jiko la hoteli, la shule au la mgahawa linalomwaga masufuria ya maji yanayochemka mchana kutwa litalilegeza bomba kati ya klipu na klipu, litabonyea, na kwenye bonde hilo mafuta yataganda. Hapo usinunue PVC. Nunua plastiki iitwayo polipropilini, inayostahimili hadi nyuzi 95 hivi, ya aina ambayo Wajerumani huiita HT, inayoungwa kwa pete za raba. Polipropilini haishiki gundi ya PVC hata kidogo, na kila mwaka kuna fundi anayejaribu. Jihadhari pia na magadi makali ya chembechembe ya kuzibulia: yakimwagwa mengi kwenye maji yaliyotuama hutoa joto lake yenyewe, na joto hilo hulainisha trapu, yaani kona ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia harufu.

Gundi nayo ina namna yake. Gundi ya PVC huyeyusha ngozi ya plastiki pande zote mbili, zikashikana na kuwa kitu kimoja. Kwa hiyo usafi ni nusu ya kazi. Kata bomba kwa pembe mraba. Zungushia kipande cha karatasi kama mwongozo wa msumeno. Ondoa makapi ndani kwa kisu, kwa sababu kila unywele wa plastiki unaobaki utakamata karatasi ya choo. Chonga ukingo wa nje kwa tupa, nyuzi 15 hivi, la sivyo ukingo mkali utaikwangua gundi na kuisukuma ndani. Jaribu kavu, piga mstari wa penseli mahali bomba linapoishia. Futa vumbi, jasho na unyevu. Paka gundi kwenye bomba na ndani ya soketi, safu nyembamba kwenye soketi, kwa mwelekeo wa urefu. Sukuma hadi mstari, zungusha robo, shikilia sekunde 30, futa inayojitokeza. Usipitishe maji kwa saa kadhaa, na usiku mzima ni salama zaidi. Gundi iliyoganda kama uji wa juzi itupwe, isirudishwe uhai kwa thina.

Lakini gundi kila mahali ni kosa, na hili ndilo tungependa kila mwenye nyumba alielewe kabla fundi hajaanza. PVC hutanuka karibu milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Bomba la kijivu lililo ukuta wa magharibi linaweza kuwa na nyuzi 20 alfajiri na kukaribia 60 alasiri. Mita 3 za bomba hilo zinarefuka zaidi ya milimita 8 kisha zinarudi, kila siku. Chuma kingerefuka milimita moja tu na ushee. Bomba lililogundishwa toka chini hadi juu na kubanwa na zege kwenye kila slabu halina pa kwenda, linasukuma tii ya choo, na baada ya misimu michache tii hupata ufa mwembamba kwenye shingo. Maji yanayotoka hapo ni machache, yanashuka polepole ndani ya ukuta, na yanaonekana dari ikishaharibika.

Dawa ni rahisi: kila ghorofa iwe na soketi moja ya pete ya raba kwenye bomba la wima, na kwa mstari ulionyooka isipite mita 4 bila soketi hiyo. Paka sabuni ya maji kwenye pete na kwenye ncha ya bomba, usitumie mafuta ya kupikia wala ya gari maana huvimbisha raba. Sukuma bomba hadi mwisho, weka alama, kisha livute nyuma milimita 10. Hiyo ndiyo nafasi ya kutanuka. Klipu iliyo kwenye soketi ikaze kabisa, nyingine zishike bila kubana ili bomba liteleze. Kwa bomba la 110 weka klipu kila mita moja likiwa la ulalo na kila mita 1.8 likiwa la wima. Kwa la 50 la ulalo, kila nusu mita. Linapopita kwenye slabu, livike kipande cha bomba kubwa zaidi au sponji ya kuhami, zege isiliguse. Zikiongezwa soketi hizi mbili tatu, gharama ya nyumba nzima hupanda kwa kiasi kidogo sana ukilinganisha na kubomoa vigae vya bafu moja.

Mteremko hautegemei chapa ya bomba, lakini bomba jema kwenye mteremko mbaya litaziba vilevile. Kwa bomba la 110 la choo lenga milimita 18 hadi 25 kwa kila mita. Bomba zima la mita 6 kwa mteremko wa 1 kwa 40 linashuka sentimita 15, kipimo kinachothibitishwa kwa mpira wa maji na mkanda katika dakika mbili. Bomba la beseni na bafu lipewe milimita 18 hadi 40. Ni rahisi kudhani kuteremsha sana ni bora zaidi. Kwenye bomba dogo la beseni, mteremko mkali hulijaza bomba maji kwa kasi, yakashuka kama pistoni na kunyonya maji ya trapu nyuma yake, harufu ikafunguliwa mlango. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza unaliwekea bomba la beseni la milimita 32 kikomo cha mita 1.7, na la 40 mita 3. Zaidi ya hapo linahitaji bomba lake la hewa. Trapu ya beseni na sinki iwe na maji ya kina cha milimita 75, ya choo na ya sakafu ya bafu 50.

Bomba la hewa lisidharauliwe. Sehemu ya juu ya bomba la wima, juu ya muungano wa mwisho, hupanda hadi juu ya paa na kubaki wazi, mdomo wake ukiwa angalau milimita 900 juu ya dirisha lolote lililo ndani ya mita 3. Kwa nyumba ya ghorofa moja au mbili sehemu hiyo kavu inaweza kupunguzwa hadi milimita 75. Penye maji pasipunguzwe kamwe kuelekea mtiririko. Vali za kuingiza hewa zinazofungwa ndani zinasaidia beseni la mbali, ila zinaingiza tu na hazitoi, kwa hiyo lazima mfumo ubaki na mdomo mmoja wazi nje.

Chini kabisa, bomba la wima linapogeuka kwenda chemba, usiweke kona moja kali ya digrii 90. Weka mbili za digrii 45 au kona ndefu yenye nusu kipenyo kisichopungua milimita 200, na juu yake kipande chenye mlango wa kuzibulia. Maji yanaposhuka na kugonga hapo hujaa na kusukuma hewa nyuma, ndiyo sababu choo cha chini kilichounganishwa karibu sana na kona huwa kinabubujika povu wakati wa juu wanaoga. Nyumba ya hadi ghorofa tatu iache milimita 450 kati ya sakafu ya ndani ya bomba la chini na muungano wa kwanza. Pia tawi la bafu lisiingie ng'ambo ya tawi la choo ndani ya milimita 200 chini yake, kwa sababu kinyesi huruka ng'ambo na kuingia bomba la bafu.

Kelele ni kasoro nyingine ya PVC ya kawaida. Ukuta wa milimita 3.2 hauzuii sauti ya maji, na bomba likipita nyuma ya kichwa cha kitanda utasikia kila mtu anayevuta choo juu. Matofali yanayolizunguka husaidia sana. Kwa hoteli au nyumba za wapangaji zipo plastiki nzito zilizochanganywa na madini, kama Raupiano Plus ya REHAU, Wavin AS+ na Silent-PP ya Geberit, zilizotengenezwa mahsusi kwa ukimya. Ni nzuri, ni ghali, na viungo vyake lazima viagizwe pamoja navyo tangu mwanzo. Kuhusu moto: plastiki huyeyuka na kuacha tundu la inchi 4 kati ya ghorofa na ghorofa. Jengo la wapangaji lifungwe kola ya kuzuia moto chini ya kila slabu, ambayo ndani ina nyenzo inayovimba kwa joto, ikalibana bomba na kuliziba tundu.

Kwa makisio ya manunuzi, chukua nyumba ya ghorofa moja yenye bafu juu: choo, beseni na bafu la kuoga, chemba ikiwa mita 3 kutoka ukutani. Mabomba mawili ya 110 ya mita 6 yanatosha kama yatakatwa kwa akili: la kwanza mita 3.6 za wima, 0.6 za tawi la choo na 1.2 za hewa. La pili mita 3 za kwenda chemba na 3 zilizobaki za hewa. Ongeza wai moja ya 110, tii moja ya 110 kwa 50, kona mbili za digrii 45 za chini na moja ya tawi, soketi mbili za pete ya raba, kipande kimoja chenye mlango wa kuzibulia, kiunganishi cha choo, na kofia ya wavu ya juu. Kwa maji ya bafu na beseni: bomba moja la 50, kona nne za digrii 45, trapu ya sakafu, trapu ya chupa. Klipu tano za 110 na sita za 50. Chini ya sakafu bomba lilale juu ya mchanga wa sentimita 10 usio na mawe. Tofali la kulikingia mteremko hulivunja bomba mgongo siku udongo unaposhuka.

Kabla ya plasta kupigwa, jaribio lifanyike, na fundi asilipwe kabla yake. Ziba mdomo wa juu na njia ya kwenda chemba kwa vizibo vya mpira. Jaza trapu zote maji. Chukua mpira wa maji unaoonyesha, ukunje umbo la U ukiwa na maji ndani, unganisha upande mmoja kwenye kizibo na upulizie hewa hadi tofauti ya maji kati ya pande mbili ifike milimita 38. Funga. Kwa dakika 3 maji hayo yasisogee. Yakishuka, pulizia tena na upake povu la sabuni kwenye kila muungano, mmoja mmoja, ukianzia chini.